Dagaa wa Nyasa: Hesabu ya Wataalamu na Hesabu ya Gunia

LITEMBO, Mbinga

Mfanyabiashara anayenunua dagaa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi na kuwapandisha hadi Mbinga na Litembo anaweka fedha zake katika bidhaa ambayo umri wake hauzidi mwaka mmoja. Usipa, ambaye ndiye dagaa wa Ziwa Nyasa, huzaliwa, hukua, huzaa na kufa katika muda wa takriban miezi kumi na miwili. Ndani ya maji hakuna akiba ya mwaka juzi. Vifaranga wakipona wengi, ziwa linajaa na bei ufukweni inaporomoka. Wasipopona, soko linapungukiwa mwaka huo huo, na mtaji wa mnunuzi, hata uwe mkubwa kiasi gani, hauwezi kumleta samaki ambaye hakuzaliwa.

Ndiyo maana utafiti wa majini, ambao wengi huuona kuwa kazi ya maprofesa na mashua zao, ni habari ya soko. Bei ya dagaa Litembo hupangwa na mambo mawili: fedha iliyomo mifukoni mwa wakulima wa kahawa wa Umatengo, na samaki waliomo ziwani. La kwanza kila mchuuzi analifahamu. Malipo ya kahawa yakitoka, dagaa wananunulika kwa debe. Yakichelewa, wananunuliwa kwa kopo, tena kwa mkopo. La pili ndilo lisiloeleweka vizuri, na ndilo linalowatia hasara wenye mitaji midogo.

Mtaji na riba

Kati ya mwaka 1991 na 1994 ulifanyika mradi mkubwa wa kupima samaki wa maji ya katikati ya Ziwa Nyasa. Uligharimiwa na Uingereza kwa kushirikiana na nchi za SADC, na makao yake yalikuwa Senga Bay, upande wa Malawi. Watafiti walitumia mashua iliyopewa jina la Usipa. Ilikuwa na chombo cha kupeleka sauti majini na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye makundi ya samaki, pamoja na nyavu za kukokota ili kuthibitisha ni samaki gani hasa waliosikika.

Matokeo yalikuwa tarakimu mbili ambazo kila mwenye nia ya kuwekeza katika uvuvi wa ziwa hili angefaa kuzijua. Ya kwanza ni wingi wa samaki wote waliokutwa katika maji hayo ya katikati: takriban tani 168,000. Ya pili ni kiasi kinachoweza kuvuliwa humo kila mwaka bila kupunguza kizazi: takriban tani 34,000.

Watu huzichanganya tarakimu hizi. Ya kwanza ni mtaji, ya pili ni riba. Mwenye kuona tani 168,000 akadhani ndizo zinazosubiri wavu ni sawa na mwenye duka anayehesabu bidhaa zote zilizo rafuni kuwa faida ya mwezi. Riba ya ziwa, kwa hesabu hiyo, ni kama sehemu moja ya tano ya mtaji. Kwa benki ni riba nono. Lakini kuna jambo jingine ambalo taarifa za miradi huliweka mbali na macho ya mwekezaji.

Ziwa Nyasa lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 29,500. Ukigawa tani 34,000 kwa eneo hilo, unapata tani moja na ushei kwa kilomita moja ya mraba, kwa mwaka mzima. Samaki wapo, ila wametawanyika mno. Meli yenye injini kubwa, wafanyakazi wa mshahara na jokofu ingelazimika kuzunguka eneo pana sana ili kujaza shehena moja, na mafuta yangekula faida kabla nyavu hazijakauka. Tena sehemu kubwa ya samaki hao wa katikati hawakuwa usipa, bali jamaa wa sato wanaokaa maji ya kina, ambao mlaji wa Mbinga hajawazoea kama dagaa. Kwa hiyo anayepita na karatasi za kampuni akiuza hisa za meli ya uvuvi wa Nyasa anapaswa kuulizwa swali moja tu: lita ngapi za dizeli kwa kila tani ya samaki?

Mvuvi mwenye mtumbwi na taa ana gharama ndogo na huvua pale samaki walipokusanyika, karibu na pwani. Hesabu yake inakubali. Ya meli, kwa tarakimu hizo, ni ngumu sana.

Uhaba huo wa samaki una sababu yake chini ya maji. Ziwa hili lina kina cha karibu mita 700, lakini kuanzia mita 200 hadi 250 kwenda chini maji hayana hewa ya oksijeni, wala samaki hawaishi humo. Mbolea yote inayozama hufungiwa huko chini kama fedha iliyozikwa. Zile pepo za kusini mashariki za miezi ya baridi, ambazo watu wa ziwa huziita mwera, husaidia kuipandisha sehemu yake. Maji ya juu hupoa, yakachanganyika na yaliyo chini yake, chakula kikapatikana kwa vijimea, kisha kwa wadudu, kisha kwa samaki. Mwera ule ule unaomzuia mvuvi asitoke ndio unaolisha ziwa. Mfanyabiashara anayelalamikia upepo wa Juni na Julai analalamikia shamba kutiwa mbolea.

Kapenta aliyekataliwa

Lipo pendekezo moja la zamani ambalo lingebadilisha biashara hii yote, na bado husikika mara kwa mara kwenye mazungumzo ya wenye mitaji. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wa Ziwa Tanganyika walihamishiwa Ziwa Kariba, lililopo kati ya Zambia na Zimbabwe. Huko waliitwa kapenta. Walistawi ajabu, na katika miaka ya 1980 na 1990 uvuvi wao ulifikia makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka, ukazaa makampuni, ajira na biashara hadi mijini. Baadhi ya wataalamu wakauliza: kwa nini Nyasa isifanyiwe hivyo?

Hoja yao ilikuwa juu ya nkungu, wale wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa kama moshi na ambao baadhi ya watu wa pwani huwakamata na kuwakandika kuwa kitoweo. Lava wa nkungu huishi majini kwa wingi. Ilidhaniwa hakuna samaki wa maana anayewala, hivyo ni chakula kinachopotea. Aletwe kapenta, akile, naye avuliwe.

Mradi wa 1991 hadi 1994 ulipasua matumbo ya samaki na kukuta jambo tofauti. Nkungu walikuwa wanaliwa. Usipa alikuwa akiwala, na wale jamaa wa sato wa maji ya kina walikuwa wakiwala pia. Kapenta angekuja kula sahani moja na wenyeji. Kariba lilikuwa ziwa jipya lililotengenezwa na bwawa, na maji yake ya katikati hayakuwa na samaki wa kushindana naye. Nyasa ni ziwa la kale lenye wenyewe. Ushauri wa watafiti ukawa kwamba asiletwe mgeni, na hadi leo hajaletwa.

Wapo watakaosema ni woga wa wasomi. Wafikirie Ziwa Victoria. Sangara aliyepandikizwa huko katika miaka ya 1950 na 1960 alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, ni kweli. Alimaliza pia aina nyingi za samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha kila siku cha watu wa kando ya ziwa. Na Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hilo kwa nyakati tofauti kati ya 1997 na 1999, viwanda vilivyotegemea samaki mmoja na mnunuzi mmoja vilijua maana ya kuweka mayai yote katika kapu moja. Dagaa wa Mbamba Bay hajawahi kuhitaji kibali cha Brussels ili aliwe Litembo.

Giza, mbalamwezi na mvua

Kwa mchuuzi wa kila wiki, elimu yenye faida ya haraka ni ya kalenda. Usipa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani karabai, sasa taa za betri na za jua. Taa huvuta samaki pale tu giza linapokuwa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga hutapakaa juu ya ziwa lote, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Mzunguko huo ni wa siku 29 na nusu na haubadiliki kwa amri ya mtu yeyote. Mnunuzi anayeshuka kutoka milimani siku mbili baada ya mwezi mpevu amelipa nauli ili akashindane na wenzake kwa mabaki.

Jambo la pili ni kukausha. Kilo tatu hadi nne za dagaa wabichi hutoa kilo moja ya wakavu. Kwa hiyo anayenunua wabichi akidhani amepata bei ya chini azidishe kwanza kwa tatu na nusu, aongeze chumvi, vibarua na nauli, ndipo alinganishe. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo dagaa waliotandazwa mchangani hulowa, huoza, au hupata mchanga unaosikika menoni. Chanja ya miti na wavu, iliyoinuliwa juu ya ardhi, hupitisha hewa pande zote mbili na huwahi kuondolewa mvua inapokuja. Si uvumbuzi mkubwa, lakini tofauti ya bei kati ya dagaa safi na dagaa wa mchanga huonekana kwenye meza yoyote ya soko.

Barabara ya lami kati ya Mbinga na Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 66, imepunguza hatari ya mzigo kulala njiani. Imefanya jambo jingine pia: wanunuzi wa mbali wenye magari makubwa sasa wanafika ufukweni alfajiri sawa na mchuuzi wa Litembo mwenye magunia mawili. Bei ya ufukweni haipangwi tena na watu wa milimani peke yao.

Nani anahesabu

Tarakimu za 1994 zimezeeka. Mfanyabiashara asingekubali kununua kwa orodha ya bei yenye umri wa miaka thelathini, na mwekezaji asikubali. Katika miaka ya 2010 usipa peke yake alizidi nusu ya samaki wote waliovuliwa Malawi. Ni dalili ya nguvu ya uzazi wake, na pia dalili kwamba samaki wakubwa wamepungua hadi uzito wa soko umemwangukia mdogo. Mbasa ni mfano wa karibu. Samaki huyo mwenye bei nzuri hupanda mito, hasa Ruhuhu, ili kutaga, na wenye nyavu humsubiri mlangoni akiwa na mayai tumboni. Kila mbasa anayenaswa hapo ni mtaji na riba vimeuzwa siku moja.

Kazi ya kuhesabu kwa upande wa Tanzania ni ya Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, ambayo ina kituo Kyela. Baharini kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 1978. Wakulima wa mwani wa Unguja wanaujua umuhimu wa jirani kama huyo. Kilimo hicho kilipoanza kibiashara mwaka 1989, kulikuwa na aina mbili, na ile yenye bei nzuri zaidi, kotonii, ndiyo iliyokufa maji ya kina kifupi yalipozidi joto. Watafiti hawakuweza kupandisha bei ya wanunuzi wa nje, lakini walieleza sababu ya vifo na kujaribu kuipanda kwenye maji ya kina zaidi.

Milimani, Chuo Kikuu cha Sokoine kilifanya kazi Mbinga pamoja na Wajapani wa Kyoto na JICA kati ya 1999 na 2004, kikichunguza miongoni mwa mengine ngoro, yale mashimo ya Wamatengo yanayoshika udongo na maji kwenye miteremko. Hilo nalo ni jambo la ziwa. Mito inayotoka Milima ya Matengo, kama Ruhekei unaomwagikia Mbamba Bay, hupeleka ziwani kile ambacho mashamba yameshindwa kukishika. Tope hufunika mawe na mchanga wa pwani ambako samaki wengi huzalia. Mkulima wa Litembo anayeacha ngoro na kulima kuelekea mteremko anapunguza, kwa kiasi chake, kitoweo atakachotaka kununua kesho.

Hesabu mpya zikifanyika, zaweza kuleta masharti. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Nyasa pia ni la nchi kadhaa: Tanzania, Malawi na Msumbiji. Kama hatua ya namna hiyo itachukuliwa hapa, mwenye ghala kavu na dagaa waliokaushwa vizuri atauza katika miezi ya kufungwa, na mwenye mkopo wa injini ataendelea kulipa marejesho huku mtumbwi umepinduliwa mchangani. Kabla ya kusaini mkopo wa aina hiyo, mkopaji aombe ratiba ya marejesho inayoruhusu miezi mitatu bila mapato.