Miwani ya macho: Jinsi ya kupata iliyo imara kwa gharama nafuu

MSIMU wa mauzo ya korosho unapofunguliwa mwezi Oktoba, kaya nyingi za Masasi na Newala hupata fedha za kutimiza mahitaji yaliyosubiri mwaka mzima. Miongoni mwa mahitaji hayo ni miwani ya macho, kifaa ambacho wengi hukinunua kwa haraka sokoni, au hukiahirisha kabisa kwa kuhofia gharama.

Kuahirisha huko kuna hasara yake. Mkulima anapofikisha mzigo katika chama cha msingi hupewa stakabadhi yenye kilo na daraja la korosho zake, na maandishi yake aghalabu ni madogo. Asiyeweza kuyasoma hana budi kumwamini mwenzake amsomee. Vivyo hivyo fundi cherehani anayeshindwa kutunga uzi, mchonga vinyago asiyeona mistari myembamba na mwalimu anayesogeza daftari mbali ili alisome, wote hupoteza muda na kipato.

Tatizo si la wachache

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya asili iliyo ndani ya jicho hupoteza unyumbufu wake na kushindwa kulenga vitu vya karibu. Hali hiyo humfika karibu kila mtu na si dalili ya upofu. Katika ripoti yake ya mwaka 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu milioni 826 duniani hawaoni vema karibu kwa sababu tu hawajapata miwani inayowafaa.

Nchini Tanzania, utafiti uliofanywa vijijini na kuchapishwa mwaka 2006 ulibaini kuwa takribani watu 62 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea walikuwa na tatizo hilo.

Faida ya kulitatua hupimika kwa fedha. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2024 ulionesha kuwa kipato cha watu waliopewa miwani ya kusomea kiliongezeka kwa takribani asilimia 33 ndani ya miezi minane. Mwaka 2018, utafiti mwingine miongoni mwa wachumaji chai wa Assam nchini India ulionesha kuwa tija ya waliopewa miwani iliwazidi wenzao kwa takribani asilimia 22.

Kupima kwanza, kununua baadaye

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuchagua fremu kabla ya kujua jicho linahitaji nini. Lipo jaribio dogo linaloweza kufanyika nyumbani kabla ya kutoa nauli. Mtu atoboe tundu dogo kwa sindano katika karatasi ngumu, azibe jicho moja, kisha atazame bango lililo mbali kupitia tundu hilo. Akiona vizuri zaidi kuliko bila karatasi, yaelekea miwani itamsaidia. Asipoona tofauti yoyote, huenda ana mtoto wa jicho au maradhi mengine ambayo hayatibiwi kwa miwani.

Jaribio hilo halichukui nafasi ya mtaalamu. Mtu mwenye maumivu au wekundu wa jicho, aliyepungukiwa uoni ghafla, au anayeugua kisukari, anapaswa kwenda hospitali moja kwa moja. Presha ya macho, kwa mfano, huharibu uoni taratibu bila maumivu, na hugunduliwa kwa uchunguzi.

Kwa wakazi wa vijijini, ikiwamo kata ya Makote wilayani Newala, safari ya kupimwa ni sehemu ya bei ya miwani. Ni vema kuuliza mapema katika Hospitali ya Wilaya ya Newala, au Mkomaindo mjini Masasi, siku ambazo mtaalamu wa macho yupo na iwapo miwani hutengenezwa hapo hapo au huagizwa Mtwara au Dar es Salaam. Mwanachama wa bima ya afya aulize pia kama kifurushi chake kinagharimia miwani, na kwa kiasi gani.

Kusoma cheti cha vipimo

Baada ya kupimwa, mgonjwa aombe vipimo vyake kwa maandishi. Alama ya kujumlisha, mathalani +2.00, ni ya lenzi inayosaidia hasa kuona karibu. Alama ya kutoa, mathalani -1.50, ni ya asiyeona mbali. Namba ya pili, ikiwapo, huandamana na nyuzi kati ya 1 na 180, nayo hurekebisha jicho ambalo uso wake haukupinda sawasawa pande zote.

Kipimo kinachosahaulika mara nyingi ni umbali kati ya mboni mbili, unaoandikwa kwa milimita. Lenzi zisipowekwa sawa na mboni, mvaaji huweza kuumwa kichwa hata kama namba nyingine zote ni sahihi. Mwenye cheti kilichokamilika anaweza kulinganisha bei za maduka kadhaa, au kumtuma ndugu aliye mjini, bila kulipia upimaji upya.

Miwani ya sokoni na ya mitumba

Miwani ya kusomea inayouzwa ikiwa tayari huwa na lenzi mbili zenye nguvu sawa, kwa kawaida kuanzia +1.00 hadi +3.50. Kwa mtu mzima aliyethibitishwa kuwa macho yake yote mawili yanahitaji namba moja, miwani hiyo inatosha, na ndiyo njia nafuu kuliko zote. Mnunuzi aijaribu kwa kusoma maandishi madogo yaliyo umbali wa sentimita 40, akianza na namba ndogo na kuishia pale anapoanza kusoma bila kujilazimisha.

Haiwafai watoto, wala watu ambao macho yao yanatofautiana au hayaoni mbali. Pia haifai kuvaliwa na anayeendesha pikipiki au gari, kwa kuwa hufifisha vitu vya mbali.

Miwani ya mitumba yenye namba huhitaji tahadhari zaidi, maana ilitengenezwa kwa macho ya mtu mwingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikagua miwani 275 ya msaada na kukuta kuwa asilimia 7 tu ndiyo iliyofaa kutumika. Fremu ya mitumba iliyo imara inaweza kununuliwa, mradi itiwe lenzi mpya kulingana na cheti.

Fremu na lenzi zinazodumu

Uimara wa fremu huanzia kwenye bawaba. Mnunuzi afungue na kufunga mikono ya miwani mara kadhaa. Isilegee wala kukwama. Bawaba zenye springi hustahimili kuvutwa, na zinazoshikwa kwa skurubu hukarabatika kwa urahisi. Miwani ikiwekwa mezani, mikono yote miwili iguse meza sawasawa. Fremu inayozunguka lenzi pande zote hudumu kuliko ile isiyo na ukingo.

Uimara hauhitaji anasa. Mwalimu wa Kijerumani, Martin Aufmuth, alibuni fremu ya waya wa chuma cha springi inayokunjwa kwa mashine ndogo ya mkono, na malighafi zake hugharimu takribani dola moja ya Marekani. Shirika aliloanzisha mwaka 2012, EinDollarBrille, limepeleka miwani hiyo katika nchi kadhaa, ikiwamo Malawi.

Kuhusu lenzi, za kioo hazikwaruziki kirahisi, lakini ni nzito na zikianguka hupasuka vipande vyenye ncha kali. Za plastiki ya kawaida ni nyepesi na nafuu, ila hukwaruzika. Za polikaboneti hustahimili vishindo kuliko zote, hivyo huwafaa watoto na mafundi, lakini ni lazima ziwe na tabaka la kuzuia mikwaruzo.

Tabaka hilo linastahili gharama yake. Nyongeza ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu na kompyuta inaweza kuachwa: mapitio ya tafiti yaliyotolewa na taasisi ya Cochrane mwaka 2023 hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atajiwe bei ya upimaji, ya fremu na ya lenzi, kila moja peke yake. Kisha apige hesabu ya muda. Mathalani, miwani ya Sh10,000 inayovunjika kila baada ya miezi minne humgharimu mtu Sh60,000 kwa miaka miwili. Ya Sh45,000 ikidumu muda huo huo, imemwokolea Sh15,000.

Matunzo katika vumbi

Lenzi nyingi huharibiwa kwa kufutwa zikiwa kavu. Vumbi lililonaswa kati ya lenzi na upindo wa shati au kanga hufanya kazi ya msasa. Katika uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya shida tangu enzi, kikombe kimoja kinatosha kusuuza miwani kabla ya kuifuta kwa kitambaa laini cha pamba.

Miwani ivuliwe kwa mikono miwili, iwekwe katika kasha, na isiachwe juani ndani ya gari. Wakati wa kupulizia mikorosho salfa, mkulima avae miwani ya kinga iliyozibwa pembeni, kwa sababu miwani ya kusomea haizuii vumbi hilo kuingia machoni.

Mtu mzima anashauriwa kupimwa upya kila baada ya miaka miwili hivi, na mtoto anayevaa miwani apimwe kila mwaka. Fremu iliyochaguliwa vema huweza kubaki ile ile, zikabadilishwa lenzi tu.