Gari la umeme kwenye mlima wa Nzahaha: hesabu ya mfanyabiashara kabla ya kununua

NZAHAHA, Rusizi – Anayetoka Kamembe kwenda Bugarama huanza safari akiwa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na kuimaliza katika bonde la joto lisilofika mita 1,000. Bonde hilo, kando ya mto Rusizi, ndilo eneo la chini kuliko yote nchini Rwanda. Sekta ya Nzahaha iko katikati, kwenye miinuko ambako dereva wa lori hubadilisha gia mara kwa mara, anayeshuka akiomba breki zisishike moto na anayepanda akiangalia mshale wa mafuta.

Ni kama kilomita 40 tu, lakini biashara ya nchi tatu inapita hapa. Chini kuna mashamba ya mpunga ya Bugarama, kiwanda cha saruji cha CIMERWA, mpaka wa Kamanyola unaoingia Kongo na mpaka wa Ruhwa unaoingia Burundi. Juu kuna Kamembe, na mipaka ya Rusizi ya Kwanza na ya Pili inayoelekea Bukavu. Mzigo mzito kwa kawaida huanzia chini: mchele na saruji hupanda, na gari hushuka likiwa jepesi kwenda kuchukua mwingine. Kwa maneno mengine, gari hubeba pale pale linapopaswa kupanda.

Ndiyo maana swali la gari la umeme linaulizwa kwa tahadhari huku kuliko Kigali. Mjini, Volkswagen na Siemens walianza majaribio ya magari ya e-Golf mwezi Oktoba 2019. Aprili 2021, Baraza la Mawaziri la Rwanda lilipitisha misamaha ya kodi kwa magari ya umeme, betri, vipuri na vifaa vya kuchajia, na kuamua kuwa vituo vya kuchajia vilipe umeme kwa bei ya viwanda. Kwa mfanyabiashara aliyezoea kuona ushuru ukipandisha bei ya gari hadi isikamatike, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini msamaha wa kodi haupandishi gari mlimani. Anayeweka mtaji wa miaka kadhaa kwenye gari moja anataka kujua kwanza kama litafika.

Mlima hukopa, kisha hulipa

Jibu linaanza na hesabu ambayo haijali chapa ya gari. Kuinua tani moja kwa mita 1,000 wima kunahitaji umeme wa uniti 2.7, zile zile uniti zinazonunuliwa kwa ajili ya mita ya Cash Power nyumbani. Gari dogo la umeme pamoja na abiria wake lina uzito wa kama kilo 1,900. Kulipandisha mita 650 kutoka Bugarama hadi Kamembe kunataka uniti 3.4, na ukiongeza nguvu inayopotea kwenye mota inakaribia uniti nne.

Hizo ni za kupanda peke yake. Kusukuma gari kilomita 40 hata kama barabara ingekuwa tambarare kunataka takriban uniti sita. Jumla ya safari ya kupanda ni kama uniti kumi.

Tofauti na gari la petroli huonekana wakati wa kurudi chini. Gari la petroli likishuka hutumia mafuta kidogo, lakini haliwezi kurudisha hata tone moja kwenye tangi. Gari la umeme, dereva akiondoa mguu, hugeuza mota kuwa jenereta: magurudumu yanazungusha mota, mota inarudisha umeme kwenye betri, na kazi hiyo hiyo inapunguza mwendo wa gari. Si yote yanayorudi, kwa sababu sehemu hupotea kuwa joto. Hata hivyo, safari ya kushuka kutoka Kamembe hadi Bugarama kwa makadirio hula kama uniti tatu tu badala ya sita.

Ukijumlisha kwenda na kurudi unapata kama uniti 13. Barabara tambarare ya urefu huo huo ingekula 12. Kwa hiyo mlima wote wa Nzahaha, ukitazamwa kwa safari nzima, unaondoka na uniti moja hivi.

Gari la petroli la ukubwa huo kwa kilomita 80 za milima litakunywa takriban lita saba. Kutokana na hapo inapatikana kanuni ambayo mfanyabiashara anaweza kubeba kichwani bila karatasi: kama bei ya uniti mbili haifiki bei ya lita moja, umeme umeshinda kwenye barabara hii. Bei za vyote viwili hubadilika, lakini kanuni inabaki.

Na mzigo je? Magunia kumi ya kilo 50, yaani nusu tani ya mchele au saruji, yakipandishwa mita hizo 650 yanaongeza uniti moja hivi kwa kupanda, na nyingine isiyofika moja kwa uzito unaokandamiza matairi njia nzima. Ni chini ya hofu ya wengi. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Betri yenyewe ni nzito, na baadhi ya magari ya umeme yana nafasi ya mizigo iliyobaki ndogo kuliko yanavyoonekana kwa macho.

Nchini Uswisi kuna lori la machimbo liitwalo eDumper linaloonyesha upande wa pili wa hesabu hii. Linapanda tupu kwenda kuchukua mawe ya kutengenezea saruji, kisha linashuka na shehena ya tani kama 65. Uzito huo wakati wa kushuka unalijaza betri karibu umeme wote linaouhitaji kupanda tena. Bugarama nayo ina saruji na ina mlima, ila kiwanda kiko chini na wateja wako juu. Rusizi haitapata zawadi hiyo ya Uswisi.

Kioo cha dashibodi na mtego wa Bugarama

Mtego mkubwa wa barabara hii hauko kwenye kupanda. Uko Bugarama, baada ya kushuka.

Magari mengi ya umeme hukadiria kilomita zilizobaki kwa kuangalia jinsi yalivyotumia umeme muda mfupi uliopita. Gari lililotoka Kamembe likishuka limetumia kidogo sana, hivyo kioo kitaonyesha kilomita nyingi kupita kiasi. Dereva akiamini namba hiyo, akazunguka bondeni mchana kutwa kutafuta mzigo, kisha akaanza kupanda Nzahaha jioni, ataona kilomita zikiyeyuka haraka kuliko barabara inavyokwisha. Anayeendesha milimani hufuata asilimia ya betri badala ya kilomita zinazoonyeshwa, na huweka akilini kuwa kurudi juu kutakula mara tatu ya alichotumia kushuka.

Mtego wa pili ni wa asubuhi. Mwenye gari huchaji usiku kucha Kamembe, huamka na betri iliyojaa asilimia 100, na huanza kushuka papo hapo. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme unaorudishwa. Mota hushindwa kusaidia kupunguza mwendo, kazi yote inabaki kwa breki za kawaida, na gari lenyewe ni zito kuliko la petroli la ukubwa wake. Anayeishi juu ya mlima anashauriwa kuishia asilimia 85 au 90, na mlima utamjazia kiasi.

Wanaotazama magari yaliyotumika wana jambo la tatu. Nissan Leaf za mwanzo zilikuwa na betri ya uniti 24, na hazina mfumo wa kupoza betri kwa kimiminika. Ikiwa miaka imepunguza uwezo wake hadi theluthi mbili, zinabaki uniti 16. Safari ya Bugarama na kurudi, uniti 13, itawezekana kwa shida, bila nafasi ya kuzunguka na mzigo. Kabla ya kulipa, muuzaji aonyeshe hali ya betri kwa kifaa cha kupimia. Rangi nzuri na viti safi havipandishi mlima.

Nyungwe na safari ya Kigali

Kwa anayepeleka bidhaa Kigali, Nzahaha ni utangulizi. Mtihani wenyewe ni njia ya Kamembe, Nyungwe, Huye hadi Kigali, yenye kama kilomita 225. Zaidi ya kilomita 50 zinapita ndani ya msitu, ambako barabara hufika karibu mita 2,500 kabla ya kuteremka.

E-Golf zilizoanza majaribio Kigali zina betri ya uniti 35.8, na kwa vipimo vya Ulaya hufika kilomita kama 230. Kwenye karatasi gari hilo lingeingia Rusizi likiwa tupu. Kwenye ukungu na kona za Nyungwe hakuna mwenye busara atakayejaribu bila kuchaji njiani. Gari la kizazi kipya kama BYD Atto 3, lenye betri ya uniti 60, lingetumia kati ya 40 na 45 na kufika na akiba. Kikomo cha mwendo cha kilomita 80 kwa saa katika barabara kuu za Rwanda kinasaidia, maana upepo ndio unaokula betri mwendo unapozidi. Hali ya hewa nayo inasaidia: Nyungwe kuna baridi, lakini si ile ya barafu inayopunguza nguvu ya betri Ulaya.

Tatizo ni kurudi. Uniti 40 zikirudishwa kwa soketi ya kawaida ya ukutani, inayotoa kama uniti mbili kwa saa, zinachukua saa 20. Kwa mtalii hiyo ni siku ya kupumzika kando ya ziwa Kivu. Kwa mwenye nyanya au samaki ni siku ya soko iliyopotea na bidhaa iliyoharibika. Vituo vya kuchaji haraka vya Rwanda vimejazana zaidi Kigali, na aliyeishiwa mafuta huweza kuomba lita mbili kwa dereva mwenzake, ilhali umeme haubebwi kwenye dumu. Kabla ya kuondoka Huye kuelekea msituni, dereva anapaswa kuwa amepiga simu na kuhakikisha mambo matatu: kituo anachokitegemea kinafanya kazi siku hiyo, kina nguvu kiasi gani, na plagi yake inaingia kwenye gari lake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la China mara nyingi hutumia GB/T, ya Ulaya hutumia CCS2, na Leaf hutumia CHAdeMO. Plagi zisizolingana zimekwisha kuwa kero katika soko la magari yaliyotumika.

Mto mmoja, sheria tofauti

Chini ya miinuko ya Nzahaha unapita mto Rusizi, na maji yake ndiyo umeme wa pamoja wa eneo hili. Bwawa la Rusizi ya Kwanza lipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Rusizi ya Pili, iliyoanza 1989, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo kupitia kampuni ya SINELAC. Rusizi ya Tatu imepangwa kutoa megawati 206 zitakazogawanywa sawa kwa nchi hizo tatu.

Umeme umekwisha kuvuka mpaka, lakini sera za gari linaloutumia bado hazijavuka. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa magari ni asilimia 25, na msamaha wa Rwanda ni wa Rwanda. Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari mwaka 2023. Ethiopia, nje ya Jumuiya, ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, lakini mfanyabiashara anayevuka kwenda Bukavu au Kamanyola bado anapaswa kuuliza kuhusu kibali cha muda cha gari, bima ya kadi ya njano ya COMESA, na mahali pa kuchaji upande wa pili. Burundi nayo ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024, na anayenunua gari kwa ajili ya njia ya Ruhwa hawezi kupanga marejesho ya mkopo kana kwamba hilo halikutokea. Sheria za kodi hutazamwa upya katika kila bajeti, hivyo neno la mwisho ni la ofisi ya mapato siku ya ununuzi.

Kwa sasa, hesabu inaonyesha kwamba gari la umeme linafaa zaidi kwa mfanyabiashara ambaye njia yake ni Kamembe na Bugarama kila siku, anayelala nyumbani kwake na kuchaji usiku. Anayekwenda Kigali mara mbili kwa wiki na kugeuza siku hiyo hiyo bado atafungwa na saa za kuchaji, hata kama betri yake inatosha.

Kabla ya kusaini mkopo, lipo jaribio moja la bei nafuu. Kodi gari la aina unayoitaka kwa siku moja ya soko, pakia uzito unaobeba kila siku, na andika asilimia ya betri mara nne: ukiondoka Kamembe, ukipita Nzahaha, ukifika Bugarama, na ukirudi Kamembe na mzigo. Namba hizo nne zitakueleza zaidi ya tangazo lolote la muuzaji.