Mwanafunzi aliyeko Ujerumani: ni msafiri au ni mkaazi?

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Mzee mmoja wa Pemba ametuletea suali. Kijana wake yuko Leipzig, Ujerumani, kwa miezi kadhaa sasa, anasoma Kijerumani kabla ya kuingia chuo kikuu. Muda wote huo anasali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na Ramadhani ikija anasema hatofunga, kwa kuwa ni msafiri. Mzee anauliza: je, ni sawa?

Kwanza, kujifunza lugha ya watu wengine si jambo la kulaumiwa. Imepokewa na Tirmidhi na Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayamudu kwa muda mfupi. Kijana wetu atahitaji muda zaidi. Masomo huanza daraja ya A1, na vyuo vikuu vingi vinavyosomesha kwa Kijerumani humtaka mwanafunzi afike C1 au karibu yake. Kwa kawaida hiyo ni kazi ya mwaka au zaidi.

Na hapo ndipo lilipo jawabu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi wetu visiwani, msafiri akinuia kukaa mahali siku 4 kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, safari yake imekatika. Kwa Mahanafi ni siku 15. Kijana huyu amepanga chumba, amejiandikisha ofisi ya mji kama sheria ya huko inavyotaka, ana bima ya afya na kibali cha kuishi. Kwa Wajerumani ni mkaazi. Vipi mbele ya Mola wake awe mpita njia?

Kwa hivyo asali rakaa kamili na afunge. Sala alizozipunguza azilipe kidogo kidogo, kwa kadiri ya uwezo wake. Wapo wanavyuoni wanaomuona mwanafunzi kuwa bado ni msafiri maadamu hakunuia kuhamia moja kwa moja. Ikiwa aliuliza na akafuata fatwa yao, si kwa kutafuta wepesi, basi ana pa kuegemea. Ikiwa alikisia mwenyewe, alipe.

Uzito wake tunaufahamu. Leipzig mwezi wa Disemba Adhuhuri huingia baada ya saa sita mchana, na jua huzama karibu saa kumi. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi hubanana hivyo, naye yumo darasani. Mwezi wa Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na Isha huchelewa mno. Afuate ratiba ya msikiti wa hapo. Siku akibanwa kweli, kama siku ya mtihani, ipo hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya Sala Madina bila ya khofu wala mvua. Baadhi ya wanavyuoni wamejuzisha kwayo kukusanya kwa haja, bila ya kufanya mazoea. Lakini kukusanya si kupunguza: rakaa hubaki nne nne.

Nasi wazee tuna wajibu wetu. Tunapompigia simu kijana, tusimuulize baridi na pesa tu. Tumuulize anasali Ijumaa msikiti gani, na kama amemwambia mwalimu wake mapema. Misikiti mingi ya Ujerumani imeanzishwa na Waturuki, ambao wengi wao ni Mahanafi. Asishangae akiona tofauti ndogo ndogo. Huko atapata watu wa kufuturu nao, wa kuzungumza nao Kijerumani, na wa kumjulia hali akiumwa. Aliye peke yake ndiye anayeanza kuacha Sala, moja baada ya moja.

Allah awahifadhi vijana wetu walioko mbali na awarejeshe na elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.