Dhahabu ya Namoya, kutoka karai hadi pete

Huko Salamabila, Kabambare, mchimbaji huzungusha karai majini taratibu. Mchanga humwagika, dhahabu hubaki chini, kwani kwa ujazo uleule uzito wake ni karibu mara 7 ya jiwe la kwatzi. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara kwenye mgodi wa Namoya, ulio jirani, mwaka 2016, na makarai hayakuondoka.

Chembe zikiwa ndogo mno, wengi humimina zebaki. Hiyo hunasa dhahabu na kuuacha mchanga, kisha tonge huchomwa ili zebaki ipae. Huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, na mvuke wake hauonekani wala haunuki. Ukivutwa huharibu neva na figo. Anayechomea jikoni humvutisha na mtoto aliyebebwa mgongoni.

Sonara naye lazima ajue anachonunua. Husugua kipande juu ya jiwe jeusi hadi kiache mstari wa manjano, kisha hudondoshea asidi ya naitriki. Mstari wa shaba huyeyuka ukatoweka. Wa dhahabu hautikisiki.

Lakini dhahabu tupu haifai kwa pete ya kila siku. Atomi zake zimejipanga kwa matabaka yanayoteleza kirahisi, hivyo hupinda. Ndiyo maana dhahabu ya karati 18 ina asilimia 75 tu ya dhahabu. Kinachobaki mara nyingi ni fedha na shaba. Atomi za shaba ni ndogo, huvuruga mpangilio, na matabaka hukwama.

Kila pigo la nyundo huikaza dhahabu iliyochanganywa. Fundi asipoirudisha motoni ilainike, itapasuka mkononi mwake. Anapoyeyusha huinyunyizia boraksi, ambayo hulainika mapema na kubeba uchafu pembeni.

Boraksi hiyo ingewafaa pia wachimbaji. Wenzao wa Benguet, Ufilipino, wameitumia kwa miongo mingi badala ya zebaki: huosha mchanga vizuri mpaka ubaki kidogo wenye dhahabu nyingi, kisha huuyeyusha nayo. Wanunuzi wa Kasongo na Kabambare, waulizeni wauzaji dhahabu yao imesafishwa vipi, na iliyopatikana bila zebaki ilipeni bei bora.