Tingatinga Kuukuu na Amana ya Waumini

Masika yaliyopita, maji yashukayo kutoka milima ya Usambara yaliikata njia iendayo makaburini kwetu hapa Mombo, hata jeneza likapitishwa matopeni kwa taabu. Kamati ya msikiti ilipokutana, lilitolewa wazo la kununua tingatinga lililotumika. Litatengeneza njia, kisha litakodishwa kwa wakulima na wajenzi, na kipato chake kiendeshe madrasa. Jipya halikujadiliwa: bei yake ilitushinda, na mkopo wake ulikuwa na riba. La zamani tulilimudu, nasi tukakaribia kutoa fedha.

Kwanza tulimchukua fundi mzee aliyezeekea kwenye mitambo ya mashamba ya mkonge. Rangi ya manjano iling'aa, lakini hakuitazama. Aliinama kwenye minyororo, akapapasa meno ya magurudumu yanayoizungusha. Yalikuwa yamechongoka kwa kulika. Alitaka kuiona injini ikiwashwa ingali baridi. Muuzaji alikuwa amekwisha kuipasha moto. Aliomba daftari la matengenezo; halikuwapo. Ndipo akatueleza kwamba minyororo na viungo vyake vyaweza kula karibu nusu ya gharama za kulitunza tingatinga.

Somo hili si geni nchini. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, wakianzia Kongwa. Mitambo mipya ilikuwa adimu baada ya vita, wakanunua iliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Hata vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta. Mashine nyingi zilifika zikiwa zimechoka, vipuri vikakosekana, mafundi wakawa wachache, na mizizi ya vichaka ikazimaliza zilizobaki. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Mradi ulipofutwa mwaka 1951, hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Hatusemi kwamba kila kuukuu ni baya. Tingatinga la zamani lisilo na kompyuta hutengenezwa na fundi wa kwetu kwa spana na subira, ilhali jipya likigoma huenda likamngoja mtaalamu kutoka mjini. Mwenye kazi ya kila siku, fundi wa karibu na mtambo ambao vipuri vyake hupatikana, aweza kulitumia la zamani kwa faida miaka mingi. Lakini ni lazima ajibu maswali matatu: litafanya kazi saa ngapi kwa mwaka? Likiharibika, nani atalitengeneza, na vipuri vitatoka wapi? Katika malipo ya kila saa, kiasi gani kitawekwa akiba ya matengenezo?

Sisi hatukuwa na jibu hata la swali moja. Kazi yetu ya hakika ilikuwa njia moja tu. Tukakodi tingatinga la mtu kwa saa, tukalipia na lori la kulibeba, na njia ikatengenezwa kwa siku moja. Fedha iliyobaki ilichimba mitaro na kuweka karavati, ili maji yasiirudie njia ile.

Muuzaji tulimwacha na rangi yake. Dini yetu inamtaka abainishe kasoro ya bidhaa yake. Nasi inatutaka tuichunguze kabla ya kutoa fedha ya waumini, kwa kuwa ile si mali ya kamati.