Flashi haisomi, na mjini ni mbali

Mtu akichomeka flashi kwenye kompyuta kuukuu hapa Nungwi, Unguja, akaona kimya, wazo la mwanzo ni kwenda mjini akanunue nyingine. Mjini ni kilomita zipatazo 60. Kwa daladala namba 116 ni zaidi ya saa nzima kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Flashi ya shilingi 15,000 inakuwa imeshakula nauli mara mbili, pamoja na nusu ya siku ya kazi, kabla haijabeba hata faili moja. Maduka ya simu ya hapa hapa nayo huuza flashi, ila chaguo ni chache. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba pesa itoke mwisho kabisa, na ikitoka isiende kwenye flashi kubwa.

Kabla ya hapo, ujue anayeumwa ni nani. Azima flashi nyingine, ya zamani ikiwezekana, uichomeke kwenye tundu lile lile. Ikisoma, kompyuta haina kosa. Ile iliyogoma nayo ipeleke kwenye laptopu mpya ya jirani. Ikisoma huko, basi zote mbili ni nzima, ila hazisikilizani, na hapo ndipo watu wengi hupoteza pesa bure.

Kompyuta ya mezani usiihukumu kwa matundu ya mbele. Yale huunganishwa na mazabodi kwa waya mwembamba ambao hulegea, na umeme wake mara nyingine hufika dhaifu. Ya nyuma yamechomelewa kwenye mazabodi yenyewe, kwa hiyo jaribu huko hata kama itabidi uvute meza. Halafu kuna chumvi. Kompyuta iliyokaa miaka na miaka kwenye ofisi ya kuzamia au mapokezi ya gesti inayotazama bahari huota kutu ndani ya matundu bila mtu kujua. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, sugua taratibu kwa mswaki mkavu, kisha kwa pamba yenye spiriti kidogo, na uache ikauke. Gharama yake ni mswaki wa zamani.

Shida kubwa zaidi ni fomati. Chukua mfano wa kila siku: mwalimu wa skuli ameandika mitihani nyumbani kwenye laptopu ya mwanawe, ameiweka kwenye flashi mpya ya GB 64, ameileta stesheneri kuchapisha. Mashine ya stesheneri inatumia Windows XP.

“Mwalimu, inasema haijafomatiwa. Niifomati?”

“Usithubutu! Mitihani ya watoto imo humo.”

“Basi mashine haiisomi.”

Mwalimu yuko sawa kukataa. Flashi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida hutoka kiwandani na FAT32, mfumo ambao Windows zimekuwa zikiuelewa tangu toleo la pili la Windows 95. Za GB 64 kwenda juu mara nyingi huja na exFAT, ambao Microsoft waliutoa mwaka 2006. Windows Vista iliupata mwaka 2008 pamoja na Service Pack 1, na Windows 7 ilizaliwa nao. XP haiujui mpaka iwekewe kiraka kiitwacho KB955704, kilichotoka mwaka 2009, nacho hukubali Service Pack 2 au 3 tu. Bila kiraka hicho XP huiona flashi, ikashindwa kuelewa kilichomo, ikadhani ni tupu. Ukibonyeza “ndiyo”, kazi imekwenda.

Kwa mwenye kompyuta ya zamani, basi, GB 32 ni bora kuliko GB 64, na bei yake ni ndogo. Madukani ya GB 32 mara nyingi utaikuta kati ya shilingi 12,000 na 25,000, kutegemea jina lake na ulimi wako katika kupatana. Ukiwa tayari umeshanunua ile kubwa, hamishia mafaili kwenye laptopu mpya, kisha ugawe flashi: sehemu moja ya GB 32 uifomati kwa FAT32, na iwe ndiyo ya kwanza, kwa sababu XP huonyesha sehemu ya kwanza tu ya flashi. FAT32 ina kasoro moja: faili moja haliwezi kufika GB 4. Kwa mitihani, risiti na picha za pasipoti haikuhusu. Kwa filamu itakuhusu.

Kuna pia ule ugonjwa wa taa ya flashi kuwaka na kengele kulia, lakini ukifungua My Computer hamna kitu. Mara nyingi herufi ya flashi imegongana na ya diski nyingine. Bonyeza My Computer kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Manage, kisha Disk Management, uipe flashi herufi nyingine. Fundi hutoza kwa kazi hii, mimi nisingelipa.

Kama shida ni kwenda polepole, usilaumu flashi. Tundu la USB 1.1 la mwaka 1998 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, yaani GB moja huchukua kama robo saa au zaidi. USB 2.0, iliyokuja mwaka 2000, hufika megabiti 480. Flashi iliyoandikwa USB 3.0 itaingia kwenye tundu la zamani na kufanya kazi, lakini kwa mwendo wa tundu. Ukilipia zaidi kwa ajili ya 3.0 huku mashine yako ni ya 2.0, umemlipa muuzaji sadaka.

Njia ya simu inavutia kwa sababu kila mtu anayo: waya wa OTG ni wa bei ndogo, unachomeka flashi kwenye simu, unahamisha mafaili. Ila kumbuka simu nyingi za Android zikiunganishwa na XP hutaka Windows Media Player 10 au zaidi ndipo zionekane. Jaribu kwanza, usinunue kwa matumaini.

Yakishindikana yote, linabaki swali la fundi au mashine nyingine. Kupiga Windows upya mara nyingi ni kati ya shilingi 10,000 na 20,000, na kama mashine ina nguvu ya kubeba Windows 7, tatizo la exFAT huisha siku hiyo hiyo. Lakini Microsoft waliacha kuitunza XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Stesheneri inayopokea flashi za kila mpita njia, zenye virusi vya kugeuza mafaili kuwa shotikati, haifai kuwa na mashine ya aina hiyo kwenye intaneti. Iache iwe ya kuchapisha tu. Kwa biashara ya kila siku ningeona bora laptopu ya mtumba, ambayo kwa kawaida huanzia laki mbili na nusu hivi na kupanda. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 nayo yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo muulize muuzaji kama mashine inapokea Windows 11, na kama haipokei, bei ishuke.

Ukiwa mjini kwa shughuli nyingine na umeamua kununua, jihadhari na flashi ya GB 512 kwa bei ya GB 32. Hizo hudanganya ukubwa: zinapokea mafaili yote, zinaonyesha majina yake, kisha ukifungua hayafunguki. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote na kuisoma tena, ikakuambia ukweli, japo huchukua muda. Kwa hiyo patana na muuzaji mapema kuhusu siku za kurudisha, akuandikie risiti, na jaribio ulifanye nyumbani siku hiyo hiyo, kabla hujaweka chochote cha maana ndani.