'Pamoja ndugu': Watoto wa Juba waliobeba kombe Marekani

KABLA ya kila mechi walikuwa na desturi moja. Wanashikana, wanahesabu hadi tatu, kisha wanapaza sauti kwa pamoja: "Pamoja ndugu!" Ndivyo walivyoingia kila mechi vijana wa Shule ya Sekondari ya Lewiston, jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani, katika msimu wa soka wa mwaka 2015.

Mashabiki wengi waliowashangilia hawakujua maana ya maneno hayo. Mfanyabiashara anayevusha mzigo Liboi kwenda Dhobley, au anayesubiri jahazi la Kismayo kwenye gati ya Lamu, angeyaelewa mara moja. Huenda angejiuliza Kiswahili kilifikaje huko, kwenye mji wa theluji ambao wazee wake walikuwa wakizungumza Kifaransa cha Kanada.

Kilifika kwa njia anazozijua vizuri.

Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, pwani ya kusini ya Somalia iligeuka uwanja wa vita. Kismayo ilitoka mikononi mwa mbabe mmoja wa kivita ikaingia mikononi mwa mwingine. Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula, wanaozungumza Kiswahili cha Kibajuni, walipakia watoto kwenye mashua na kushuka Lamu, Malindi na Mombasa. Wakulima wa bonde la mto Juba, unaoingia baharini Goobweyn, mwendo mfupi kutoka Kismayo, walikwenda kwa miguu. Waliokuwa na nguvu walifika Liboi, na kutoka hapo wakapelekwa Dadaab, kwenye kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera.

Wengi wa wakulima hao ni wale wanaoitwa Wasomali Wabantu. Mababu zao walitolewa kusini wakiwa watumwa katika karne ya 19, na baadhi yao hadi leo wanazungumza Kizigua, lugha ileile ya Handeni. Kwa hiyo Tanzania ilipowapokea baadhi yao na kuwapa makazi Chogo, wilayani Handeni, ilikuwa ni kama kurudi kwa jamaa waliokawia njiani. Marekani nayo ilikubali kuchukua wapatao 12,000, wakahamishwa kwanza kutoka Dadaab hadi Kakuma, na kuanzia mwaka 2003 wakaanza kupanda ndege. Wasomali wengine, wenye asili ya koo za wafugaji na wa mijini, walipita taratibu nyingine za ukimbizi. Ndiyo maana ukisema "Wasomali wa Lewiston" unazungumzia watu ambao nyumbani hawakuwa wakila sahani moja. Jambo hilo husahaulika kila habari hii inaposimuliwa kama hadithi tamu ya michezo.

Huko kambini watoto wao walicheza mpira vumbini, na Kiswahili wakakiokota kwa Wakenya: madukani, shuleni, kwa madereva wa malori.

Wakati wao wakijifunza pasi Dadaab, mpira ulikuwa hatari katika miji waliyotoka wazazi wao. Mwezi Oktoba 2008, Al-Shabaab wakiwa wameshika Kismayo, msichana wa miaka 13 alipigwa mawe hadi kufa katika uwanja wa michezo wa mji huo, mbele ya umati. Kutazama Kombe la Dunia la 2010 kulipigwa marufuku katika maeneo ya kundi hilo, na usiku wa fainali mabomu yake yaliua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama mpira Kampala. Majeshi ya Kenya na washirika wao yaliingia Kismayo mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2012.

Lewiston yenyewe ilikuwa imechoka. Ulikuwa mji wa watu wapatao 36,000, uliojengwa na viwanda vya nguo. Viwanda vilipofungwa, vijana waliondoka, na Mtaa wa Lisbon, uliokuwa moyo wa biashara, ukabaki na milango iliyofungwa kwa mbao. Wasomali walianza kufika mwaka 2001, wengi wakitoka miji mingine ya Marekani, wakitafuta nyumba za bei nafuu na shule tulivu. Walifanya jambo ambalo msomaji wa ukurasa huu angelifanya: walikodi maduka matupu. Mtaa wa Lisbon ukapata tena nyama ya halali, mchele, vitambaa na mitandio.

Hawakupokelewa vizuri na wote. Oktoba 2002 meya Laurier Raymond aliandika barua ya wazi akiwataka viongozi wa Wasomali wawazuie wenzao wasiendelee kuja, kwa madai kwamba mji umeelemewa. Januari 2003 kikundi cha wabaguzi wa rangi kilifika kuandamana. Walikuwa wachache, huku watu wapatao 4,000 wakikusanyika kuwapinga katika chuo kidogo cha Bates mjini humo. (Chuo hicho kina timu yake ya mpira wa Kimarekani, ule wa mpira wa yai na kofia ngumu, ambao huko ndio unaoitwa "mpira". Wa kwetu wanauita soka.) Julai 2006 mtu mmoja alivingirisha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wa Mtaa wa Lisbon watu wakiwa katika swala.

Kocha wa timu ya shule, Mike McGraw, alikuwa mwalimu wa biolojia aliyeifundisha timu kwa zaidi ya miaka 30 bila kupata ubingwa wa jimbo. Sasa alikuwa na vijana wa kutoka Somalia, Kenya na Kongo pamoja na Wamarekani wazaliwa wa mji, na baadhi ya wale wageni walikuwa na ufundi wa mguu ambao hakuwahi kuuona kwa wanafunzi wake. Alilazimika kujifunza mambo ya swala, na ya saumu ya Ramadhani ambayo miaka ile iliangukia kiangazi, kipindi cha kujiandaa kwa msimu. Msimu wa 2014 walifika fainali na kushindwa. Waliobaki waliapa kurudi.

Walirudi kwa kishindo. Msimu mzima wa 2015 hawakupoteza mechi hata moja. Walifunga mabao 113 na kufungwa saba tu.

Nje ya uwanja hali haikutulia. Septemba, msimu ukiwa umeanza, meya wa wakati huo, Robert Macdonald, alipendekeza majina ya wanaopokea msaada wa serikali yawekwe kwenye mtandao watu wote wayaone. Haikuhitaji tafsiri kujua lawama zilielekezwa kwa nani.

Fainali ilichezwa Jumamosi, Novemba 7, katika uwanja wa Fitzpatrick mjini Portland, dhidi ya Scarborough, mbele ya watazamaji zaidi ya 4,000. Timu iliyozoea kumimina mabao safari hii ilipata moja tu, tena la ajabu. Maulid Abdow alikuwa na mtindo wake wa kurusha mpira wa pembeni: alikimbia akiwa ameushika, akaugonga chini, akapiga kichwangomba juu yake, na aliposimama akauachia kwa nguvu ya mwili mzima. Kwa sheria, mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja si goli, lazima uguswe na mtu. Uliguswa mbele ya lango, ukaingia. Moja kwa bila hadi filimbi ya mwisho, na Lewiston ikapata ubingwa wa kwanza wa soka wa jimbo katika historia ya shule. Mwandishi Amy Bass aliuandikia msimu huo kitabu, One Goal, kilichotoka mwaka 2018.

Wakati kombe hilo likipita Mtaa wa Lisbon, mabasi yalikuwa yakienda upande wa pili. Mpango wa kuwarudisha kwa hiari wakimbizi wa Dadaab ulikuwa umeanza Desemba 2014, na Kismayo ilikuwa miongoni mwa miji mitatu ya mwanzo ya kupokea, pamoja na Baidoa na Luuq. Watoto waliocheza kwenye vumbi lilelile la Ifo na Hagadera wakagawanyika: huyu fainali Portland, yule hema pembezoni mwa Kismayo.

Mlango kati yao umezidi kuwa mwembamba. Januari 2017 Rais Donald Trump alipiga marufuku raia wa Somalia kuingia Marekani; marufuku ikaondolewa mwaka 2021, ikarudi Juni 2025. Shangazi aliyebaki Kismayo hupokea pesa kwa hawala na sauti kwa simu.

Kwa upande wa huku, Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Machi 2024. Lakini njia waliyopita wazazi wa vijana wale kwa miguu haijanyooka. Mei 2023 Kenya ilitangaza kwamba mpaka utafunguliwa kwa awamu, Liboi ikiwamo. Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi, ikaahirisha. Mizigo inaendelea kupita kwa njia inazozijua, na madereva kwenye foleni bado wanaitana ndugu.